Nani anaziangalia picha zako? Darasa, mtandao na kujifunza upigaji picha

Mtu akisema anataka kujifunza kupiga picha, majibu mawili humfikia kabla hajamaliza sentensi. Wa kwanza atamwambia aende akasome, apate cheti, aache kubahatisha. Wa pili atacheka: shule ya nini na kila kitu kipo mtandaoni? Ingia kwenye kundi la wapiga picha, weka kazi zako, utakosolewa, utajua. Kila mmoja ana mtu wake wa mfano aliyefanikiwa kwa njia hiyo. Muulizaji hubaki pale pale alipokuwa, ila sasa na wasiwasi juu.

Ugomvi huu umekaa vibaya tangu mwanzo, na sehemu kubwa ya kosa ni maneno. Tuanze na hayo.

Darasa ni lipi, jamii ni ipi

Darasa rasmi ni mahali ambapo mtu mwingine ameshapanga, kabla hujafika, utajifunza nini kwanza na nini baadaye. Lina mwalimu anayejulikana, lina siku ya kuanza na ya kumaliza, na lina kazi utakazozifanya upende usipende. Laweza kuwa la miaka mitatu chuoni au la wiki sita za jioni. Jamii ya mtandaoni ni watu waliounganishwa na hamu moja, wanaoonyeshana picha, kuulizana na kujibizana. Hakuna anayelazimika kukufundisha, wala wewe hulazimiki kumsikiliza mtu. Mpango wa masomo, kama upo, unao wewe.

Kuna kitu cha tatu ambacho watu hukichanganya na hicho cha pili: video za mafunzo. Ukitazama video mia peke yako chumbani, hujaingia kwenye jamii yoyote. Umetazama televisheni. Zaweza kuwa nzuri sana, lakini aliyezitengeneza hajawahi kuona picha yako hata moja.

Kwa hiyo mpaka haupiti kati ya jengo na intaneti. Kozi inayotolewa mtandaoni, yenye mwalimu anayesahihisha kazi zako wiki hadi wiki, ni darasa. Na klabu ya wapiga picha wanaokutana ukumbini Jumamosi ni jamii, hata kama simu zote zimezimwa.

Tena jamii za namna hii si uvumbuzi wa juzi. Njia ya Mfaransa Louis Daguerre ya kupiga picha ilitangazwa Ufaransa mwaka 1839. Mwaka 1853, miaka 14 tu baadaye, wapenzi wa ufundi huo walishaunda chama chao London, ambacho leo kinaitwa Royal Photographic Society. Baadaye Uingereza kukawa na klabu za posta: kasha lenye picha za wanachama lilisafiri kutoka nyumba moja hadi nyingine, kila mmoja akaandika maoni yake juu ya picha za wenzake, akaweka picha yake mpya, akalituma mbele. Ndiyo makundi yetu ya leo, tofauti ni kwamba jibu lilichukua wiki badala ya dakika. Nashuku waliandika kwa uangalifu zaidi kwa sababu hiyo.

Shule nazo zikafuata. Mpiga picha Clarence White alifungua yake New York mwaka 1914. Na kuna kisa kimoja kinachowachanganya vizuri wale wa “shule ya nini”: Ansel Adams, Mmarekani maarufu kwa picha za mandhari, ambaye kwenye upigaji picha alijifunza zaidi kwa kujituma mwenyewe (masomo yake ya kweli yalikuwa ya piano), ndiye aliyeanzisha idara ya upigaji picha katika chuo cha sanaa San Francisco katikati ya miaka ya 1940. Mtu asiyepita darasani akajenga darasa.

Kinachofundishwa ni mambo matatu

Tunaposema “kujifunza kupiga picha” tunasema mambo matatu kwa pumzi moja: kuijua kamera, kuujua mwanga, na kuwa na jicho. Yanafunzwa kwa njia tofauti, na hapa ndipo ubishi wa darasa na mtandao unapoanza kufumuka.

Kamera ndiyo rahisi kuliko yote. Fikiria unajaza ndoo kwa bomba. Unaweza kufungua bomba sana kwa muda mfupi, au kidogo kwa muda mrefu, ndoo ikajaa vile vile. Upana wa bomba ni tundu la lenzi. Muda ni shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga. Ndoo ikifurika, picha imeungua. Isipojaa, picha ni giza. Cha tatu, ISO, yaani kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga ulioingia, nakifananisha na sauti ya redio inayoshika stesheni kwa mbali: ukiongeza sauti unasikia maneno, lakini na mikwaruzo nayo inakuja juu. Ndizo zile chengachenga kwenye picha za usiku.

Namba za tundu huwachanganya karibu wote, kwa sababu f/2 ni tundu kubwa na f/16 ni dogo. Ukizisoma kama mgawanyo, mambo yanakaa sawa. Lenzi ya milimita 50 (hiyo ni namba ya lenzi yenyewe, si upana wa tundu) ikiwa kwenye f/2 tundu lake ni milimita 25, maana 50 umeigawa kwa 2. Kwenye f/16 ni kama milimita 3 tu. Na ule mfululizo wa ajabu wa 2, 2.8, 4, 5.6, 8 umepangwa hivyo ili kila hatua ipunguze mwanga kwa nusu.

Haya yote unaweza kuyapata mtandaoni bila hasara yoyote, tena saa nane za usiku ukiwa umekwama. Shida si kwamba hayapo. Shida ni mpangilio. Anayejifunza kwenye makundi huanza na kile kinachovutia: mandharinyuma yaliyoyeyuka nyuma ya uso wa mtu. Anaambiwa “fungua lenzi mpaka mwisho”, anafungua, inapendeza, na hakuna anayemwambia sababu. Baada ya miaka miwili anaweza kulainisha ngozi kwenye programu ya kuhariri kwa ustadi wa kutisha, lakini hajui kwa nini suti nyeusi ya bwana harusi inatoka ya kijivu. Elimu yake ni ya viraka: penye kiraka ni imara, pembeni yake ni tundu.

Sababu ya suti yenyewe ni hii. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui unapiga picha ya nini. Kimetengenezwa kikiamini kwamba ukichanganya weusi na weupe wote ulio mbele ya lenzi utapata kijivu cha wastani. Suti nyeusi ikijaza picha, kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, nyeusi inapauka. Shela jeupe likijaza picha, kamera inadhani mwanga umezidi, inapunguza, nyeupe inachafuka. Dawa ni kuiambia kamera ipunguze kwa suti na iongeze kwa shela, yaani kinyume cha unavyodhania. Darasani utafundishwa hili mapema, pengine kabla hujalihitaji, na utalisahau. Mtandaoni utalifahamu siku limekuumbua mbele ya mteja, na hutalisahau tena. Kipi bora? Inategemea kama mteja huyo alikuwa dada yako au mtu aliyekulipa.

Mwanga ni habari nyingine. Hapa naegemea darasa, au walau naegemea kusimama chumba kimoja na mtu anayejua. Taa ikiwa mita moja kutoka kwenye uso, kisha ukaisogeza hadi mita mbili, mwanga unaofika haubaki nusu bali robo. Ni sentensi fupi, unaweza kuikariri sasa hivi. Lakini kuiona kwa macho, mtu akisogeza taa hatua moja huku wewe ukitazama kivuli cha pua kikihama na ukuta wa nyuma ukizama gizani, ni somo ambalo maoni yaliyoandikwa hayawezi kulibeba. Isitoshe, studio yenye taa nne ni mali ya watu wachache, na shule ni mojawapo ya mahali unapoweza kuzishika bila kuzinunua.

Wengi wakikosea pamoja

Jamii za mtandaoni zina ukarimu ambao watu hawausifu vya kutosha. Mtu ambaye hajakuona wala hatakuona atakuandikia aya tatu kukueleza kwa nini kadi yako ya kumbukumbu inagoma. Kuuliza si ujinga, na humo unaweza kuuliza swali ambalo ungeona aibu kulitamka mbele ya wanafunzi ishirini.

Lakini humo kosa likirudiwa na wengi hugeuka kuwa ukweli. Mfano ninaoupenda ni ule wa pua. Umepiga uso wa mtu kwa simu ukiwa karibu, pua imevimba, masikio yamekimbilia nyuma. Utaambiwa na watu kumi mfululizo: lenzi pana, inayochukua eneo kubwa, inaharibu sura, nunua ya milimita 85, inayovuta vya mbali. Si lenzi. Ni umbali. Ukiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua iko karibu nawe zaidi ya masikio kwa sehemu kubwa ya umbali wote, hivyo inaonekana kubwa. Rudi nyuma mita mbili na simu ile ile, kisha ukate picha ibaki uso tu: sura imetulia. Picha itapungua ukali kwa kukatwa, lakini uwiano wa uso utakuwa ule ule ambao lenzi ya 85 ingekupa ukiwa umesimama hapo hapo. Ile lenzi inasaidia kwa sababu inakulazimisha urudi nyuma.

Angalia ushauri ule uliishia wapi: dukani. Kwenye makundi mengi mazungumzo huteleza kuelekea vifaa, na sidhani ni kwa sababu watu wanapenda kununua. Vifaa vina namba, na namba ni rahisi kuzijadili. Ni rahisi kubishana kama kamera hii ina megapikseli nyingi kuliko ile. Ni vigumu kueleza kwa nini picha ya mzee aliyekaa mlangoni imekosa uhai. Ndiyo maana nikisikia kwamba kujifunza mtandaoni ni bure huwa natabasamu. Nawafahamu walionunua lenzi tatu kabla hawajauliza swali lao la kwanza kuhusu kivuli.

Jicho linalokukumbuka

Tufike kwenye jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo kiini.

Nyani haoni kundule, na mpiga picha haoni kasoro yake, kwa sababu anapotazama picha yake anaona na kile kilichokuwa nje ya picha: harufu ya mvua, kicheko cha yule mtoto, usumbufu wa kupanda kilima kile. Mtazamaji hana hayo. Ana mstatili tu. Kujifunza jicho ni kujifunza kuona mstatili kama anavyouona mgeni, na hilo huwezi kulifanya peke yako mpaka umesikia wageni wengi wakikuambia walichoona.

Mtandaoni tunadhani tumelipata hili kwa sababu mioyo na vidole gumba vinamiminika. Alama hizo zinakwambia kwamba mtu alisimama kwa nusu sekunde. Hazisemi alisimamishwa na nini. Mimi mwenyewe nilipiga machweo kwa karibu mwaka mzima, nikapongezwa kila jioni, na kwa mwaka huo sikusogea hata hatua. Kilichonisogeza ni swali la mtu mmoja aliyerudi nyuma kuangalia picha zangu zote kwa pamoja: “Mbona watu wako wote wamekupa mgongo?” Nilitaka kumjibu kwamba ni mtindo. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuwaomba watu ruhusa ya kupiga nyuso zao. Hakuna picha moja kati ya zile ambayo ingeonyesha kosa hilo. Lilionekana kwenye mfululizo tu.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kweli. Mtoa maoni wa mtandaoni kwa kawaida anaona picha moja, hii, leo. Hajui kwamba kosa hili umelifanya mara thelathini. Mwalimu mzuri anakumbuka kazi yako ya mwezi uliopita, na anaweza kukukataza usirudie kile unachokiweza.

Mfano wa wazi ni Gordon Parks, mpiga picha Mmarekani mweusi, ambaye hutajwa sana kama ushahidi kwamba shule haina maana, kwa kuwa alijifunza mwenyewe kwa kamera aliyoinunua kwenye duka la rehani. Ni kweli. Lakini mwaka 1942 aliingia katika kitengo cha picha cha Farm Security Administration, idara ya serikali ya Marekani, mjini Washington, chini ya Roy Stryker. Kwa masimulizi ya Parks mwenyewe, jambo la kwanza Stryker alilofanya ni kumwambia aziache kamera zake ofisini, atembee mjini, ajaribu kula mgahawani, kununua nguo, kuingia sinema. Alifukuzwa au kubaguliwa kote huko kwa sababu ya rangi yake. Alirudi na hasira na kitu cha kusema. Baadaye akampiga picha Ella Watson, mfanya usafi wa ofisi za serikali, amesimama na ufagio mbele ya bendera ya Marekani. Stryker hakuishia kumpongeza. Alimtaka aendelee na mama huyo, na Parks akamfuatilia kwa wiki kadhaa, kazini, nyumbani na kanisani. Hilo ni darasa, ingawa halikuwa na ubao.

Seydou Keïta naye huitwa mpiga picha aliyejifundisha. Mjomba wake alimpa kamera ya Kodak Brownie mwaka 1935, na mwaka 1948 akafungua studio yake Bamako, Mali. Katikati ya miaka hiyo alikuwa akijifunza kusafisha picha kwa mpiga picha aliyemtangulia, na kupata maarifa kwa Mfaransa mwenye duka la vifaa. “Kujifundisha mwenyewe”, ukiichunguza, mara nyingi maana yake ni kujifunza kwa watu bila kusajiliwa.

Usielewe kwamba kila darasa lina jicho hilo. Mwalimu mwenye wanafunzi arobaini hakumbuki picha za mtu. Wengine hukumbuka vibaya: wanataka kila mmoja apige kama wao, na ukiona maonyesho ya mwisho wa mwaka unadhani picha zote zimepigwa na mtu mmoja. Mpiga picha Bernd Becher, aliyekuwa profesa Düsseldorf, Ujerumani, kuanzia mwaka 1976, angeweza kuwa mwalimu wa aina hiyo. Yeye na mkewe Hilla walipiga minara ya maji na matanuri ya viwanda kwa namna moja tu, uso kwa uso, chini ya mbingu ya kijivu, kwa miongo. Lakini kwake walitoka wapiga picha wenye majina kama Andreas Gursky, Thomas Struth, Candida Höfer na Thomas Ruff, na kazi zao hazifanani. Walichochukua ni uvumilivu wa kufuata jambo moja kwa muda mrefu. Minara waliiacha.

Na cheti je?

Cheti kina kazi yake, ila si ile inayodhaniwa. Mteja wa harusi hatakuuliza umesoma wapi. Ataomba kuona picha. Gazeti vile vile. Cheti huulizwa pale ambapo anayekuajiri haangalii picha: ofisi zenye ngazi za mishahara, kazi ya kufundisha, maombi ya kusoma zaidi. Kama unaelekea huko, kichukue bila kuona haya. Kama huelekei huko, usilipie karatasi, lipia macho.

Unayapimaje macho kabla ya kulipa? Kwa darasa, omba kuona kazi za mwanafunzi mmoja wa kawaida, za mwezi wa kwanza na za mwezi wa mwisho, usikubali kuonyeshwa za yule bora tu. Uliza ni saa ngapi kwa wiki zinatumika kuangalia picha za wanafunzi ukutani, na wanafunzi ni wangapi. Kwa kundi la mtandaoni, kaa jioni moja ukisoma tu bila kuandika. Hesabu maoni yanayozungumzia kilichomo ndani ya picha na yanayozungumzia kamera iliyotumika. Tazama kama wakongwe huonyesha picha zao zilizoshindikana. Kundi ambalo kila mtu ameshafika ni kundi ambalo hakuna anayejifunza.

Wapo ambao hawana uwezo wa darasa wala hawajapata kundi la namna hiyo. Kwao nina pendekezo moja ambalo nimeliona likifanya kazi. Ndani ya kundi kubwa lenye kelele, tafuta watu watatu ambao maoni yao yalikufanya urudi kuitazama picha yako upya. Waalike pembeni. Kila wiki mbili kila mmoja alete picha kumi za jambo moja: mikono, dirisha, njia ya kwenda kazini, chochote, mradi jambo hilo lisibadilike kwa miezi mitatu. Kati ya hizo kumi, mbili ziwe zile zilizokushinda na hujui kwa nini. Zihifadhini zote mahali pamoja, ili ya leo iwekwe kando ya ile ya mwezi wa kwanza. Na mwenye picha asifungue mdomo kuieleza mpaka wale watatu wamemaliza kusema walichoona.